Gavana Amelegea, na Leo Ndiyo Harusi ya Kesho

Habari ya asubuhi hiyo ilikuwa ya mbwa.

Danson alikuwa amepewa gazeti na gadi wa treni ya Mombasa, na ingawa lilikuwa limefungiwa samaki, ukurasa wa mbele bado ulisomeka. Warusi wamemtia mbwa ndani ya chombo, wamemrusha juu kupita mawingu, na sasa anaizunguka dunia.

"Anaizungukia wapi?" akauliza Kilonzo.

"Juu."

"Juu ya wapi? Hapa Voi anapita?"

"Imeandikwa dunia. Voi iko duniani, ama wewe ulizaliwa wapi?"

"Basi akipita hapa, halafu ainue mguu?"

Sote tukatazama juu, kisha kila mmoja akafunika kikombe chake cha chai kwa kiganja.

"Wanaume wazima," akasema Mutindi, mwenye chai, akigeuza mahamri kwenye karai. "Na mmevaa makoti."

Makoti tulikuwa tumevaa kweli, na joto la Voi lilikuwa limeshaanza kutuuliza kwa nini. Afadhali niwajulishe watu wa benchi letu sasa hivi, kabla moshi haujatufunika.

Danson sisi tulimwita Girisi. Kazi yake stesheni ilikuwa kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa, lakini ukimsikia akiongea ungedhani treni haiondoki Mombasa mpaka yeye aikubalie. Kilonzo alikuwa Bama, kwa sababu alipigana huko Bama, yaani Burma, wakati wa vita akarudi na kofia moja na jibu la kila swali. Mimi ni fundi wa kushona kwenye baraza la duka la Mhindi, na watu wananiita Upande. Wanasema makoti yangu yana upande mmoja wenye haraka kuliko mwingine. Benchi lenyewe, mbele ya kibanda cha Mutindi, lilikuwa mbao nene iliyotoka stesheni, na hakuna aliyewahi kuuliza ilitokaje.

Wa nne wetu alikuwa Silvanus, mpima mizigo, na jina lake lilikuwa Kesho. Tangu tumjue alikuwa mchumba wa Wakio wa Werugha, juu milimani, na kila tukimuuliza ataoa lini alijibu kesho. Kosa halikuwa lake peke yake. Baba yake Wakio, Mzee Donald, mzee wa kanisa na mkulima wa kabeji, alikuwa amesema hawezi kumpa binti yake mtu ambaye ukimtafuta unaelekezwa kwenye benchi. Mwishowe alilegea, lakini na sharti: Jumamosi, saa sita, bwana harusi awe mlangoni mwa kanisa. Saa sita ikipita kabla hajafika, basi hamtaki, na wageni watakula kabeji waende zao.

Na leo ndiyo ilikuwa Jumamosi. Kesho alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amenyooka kama mshumaa, ndani ya koti la rangi ya maziwa nililomshonea mwenyewe. Hakunywa chai asije akalitia doa. Hata mahamri aliyakataa.

Usafiri ulikuwa wa Thadeus, mtu wa huko huko Werugha, mwenye lori la dizeli lililochakaa katika shamba la mkonge kabla ya yeye kulinunua. Lori hilo ndilo lililoteremsha mboga za milimani hadi stesheni, na ndilo lililomlisha Thadeus, mke wake Lois, na mama yake. Thadeus alikubali kutupandisha bure. Sisi nasi, kwa kuwa tuna adabu, tuliona si vizuri kupanda bure bila kutoa kitu. Kwa hiyo Ijumaa alasiri, Thadeus alipokwenda kuoga, tulilifanyia lori lake sevisi.

Sevisi yetu ilikuwa hivi. Girisi alifungua boneti. Bama alisema, "Aha." Mimi nilishika bisibisi. Kando ya injini kulikuwa na bakuli la chuma lenye kifuniko, ambalo hewa hupitia kabla ya kuingia ndani, na chini yake huwekwa oili kidogo ya kunasa vumbi. Ndani ya bakuli kuna mstari wa kuonyesha oili ifike wapi.

"Huu mstari," Girisi alisema, "ni wa watu bahili."

"Ongeza," alisema Bama.

"Mlima wa Wundanyi ni mrefu," nilisema mimi, ambaye mpaka dakika hiyo nilidhani bakuli lile ni la kupashia chakula cha dereva. "Ongeza tena."

Tukaongeza mpaka oili ikatutazama usoni. Tukafunika, tukapangusa mikono, tukaenda kulala tukiwa watu wema.

Sasa turudi Jumamosi. Thadeus alipanda, akabonyeza, lori likakohoa likawaka. Nyuma kukatoka moshi.

"Moshi wa asubuhi," akasema Girisi. "Anapiga mswaki."

Moshi ukaongezeka. Ukafunika choo cha soko, ukafunika mwembe wa polisi, ukaanza kuja upande wetu.

"Mweupe," nikasema.

"Buluu," akasema Bama.

"Ni mweupe, Bama. Mimi nauza nguo, rangi ni kazi yangu."

"Wewe ndiye uliyemshonea mwalimu suruali nyeusi kwa uzi wa kijani. Ni buluu."

"Tulieni," Girisi akasimama, akaweka mikono nyuma kama daktari. "Mweusi ni dizeli nyingi. Mweupe ni maji. Buluu ni oili. Huu ni mweupe unaoelekea buluu."

"Kwa hiyo ni nini?"

"Ni maji yanayoelekea oili."

"Hizo ni nozeli za kunyunyiza dizeli," akasema Bama. "Bama tulikuwa na lori likitoa moshi hivi. Nozeli zilikuwa zimechoka."

"Mlilitengenezaje?"

"Hatukulitengeneza. Lilipigwa bomu."

Mutindi alikuwa amefunika mahamri kwa kanga na anapepea kwa sinia. "Mwambieni atoe hiyo gari yake kwa chakula cha watu!"

Nikaenda dirishani kumwambia Thadeus. Na hapo ndipo mlio ulipobadilika. Injini, iliyokuwa ikiguruma chini chini, ilianza kupanda. Ikapanda polepole, kama mtu anayekasirika huku anajizuia, kisha ikaacha kujizuia. Mabati ya kibanda yakaanza kutetemeka. Vikombe vikatembea mezani.

"Thadeus, punguza!" nikapiga kelele.

"Sijakanyaga!"

"Umekanyaga! Inapiga resi!"

"Inajipiga yenyewe! Tazama!" Na ili tusibishane zaidi, Thadeus akalala kwenye kiti chake akatoa miguu yote miwili dirishani. Viatu vya harusi, vimepakwa rangi mpaka vinang'aa. Hakuna mguu uliokuwa umekanyaga chochote. Na injini inalia.

"Zima!" akapiga kelele Girisi.

Thadeus akavuta kishikio cha kuzimia. Injini ikaendelea. Akavuta tena. Kishikio kikatoka chote na waya wake, akabaki amekishika kama mtu aliyeng'oa muhogo.

"Ni gavana!" Girisi akapaza sauti kushinda injini. Gavana, kwa wasiojua, ni kile kifaa kwenye pampu ya dizeli kinachozuia injini isikimbie kupita kiasi. "Gavana amelegea! Gavana ameshindwa kazi!"

"Atolewe!" akajibu Bama kwa nguvu zake zote. "Gavana huyu hafai! Mimi nasema atolewe leo leo!"

Tukahisi mtu nyuma yetu. Tukageuka. Alikuwa Munyao, askari polisi, anatoka zamu, kabuti lake zito la serikali mkononi. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na Manyani, kambi ya waliofungwa kwa kuipinga serikali, haikuwa mbali. Bama aliyepigana na Wajapani akakaa chini.

"Nani amesema Gavana atolewe?" akauliza Munyao.

Injini ndiyo iliyojibu.

"Afande," akasema Girisi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena, "ni gavana mdogo."

"Mdogo wa wapi? Wa mkoa?"

"Wa pampu, Afande. Kadude ka chuma. Kako hapo ndani." Akaonyesha kwa kidole.

Munyao akasogea, akachungulia chini ya boneti, akaona moshi, akasikia ule mlio. Akarudi nyuma hatua ndefu.

"Huyo Gavana ni wa hatari," akasema. "Kwa nini hamtoi?"

Kuanzia hapo alikuwa mmoja wetu.

Nisiwachoshe na yote tuliyojaribu, lakini machache lazima niyaseme. Girisi alifunga koki ya tangi ili dizeli isifike. Tukasimama tunangoja ife kwa njaa. Haikufa. Ililia zaidi, na moshi ukawa mwingi zaidi.

"Inakula nini sasa?" akauliza Munyao.

"Hasira," akasema Bama.

Thadeus akajaribu kuiua kwa gia. Akakanyaga breki kwa mguu mmoja, akaingiza gia kubwa, akaachia klachi. Breki za lori lile zilikuwa za kuombea tu. Lori likaruka kama mbuzi, likaja moja kwa moja kwenye benchi. Nitasema ukweli: sikujua Bama anaweza kukimbia namna ile na goti lake la vita. Lori likalisukuma benchi mpaka ukutani mwa kibanda, Thadeus akatoa gia, na Mutindi akatokea kwenye moshi na mwiko mkononi.

"Thadeus! Ukivunja kibanda changu nitakupika wewe!"

Thadeus akashuka. Uso wake haukuwa na mchezo tena. Akasimama mbele ya gari lake, mikono kichwani, na midomo yake ikawa inasema kitu ambacho hatukukisikia, mpaka nikasogea karibu.

"Itapasuka," alikuwa anasema. "Itatupa pistoni nje. Itapasuka, na Lois nitamwambia nini?"

Kesho alikuwa bado amesimama pale benchi lilipokuwa. Kila mara aliangalia milimani, kisha jua, kisha lori.

Girisi akamshika Thadeus bega. "Sikia. Chochote inachokula, lazima ipumue. Tukiiziba pua, itazimika. Pua yake ni ile, juu ya bakuli. Nipeni nguo nzito."

Hilo, kati ya yote aliyowahi kusema, lilikuwa neno la maana. Tatizo ni lile neno nguo.

Nguo nzito zilikuwepo. Tulikuwa tumezivaa. Tukatazamana. Injini inapiga kelele, gari la mwenzetu linakwenda kufa, harusi inakwenda na maji, na sisi tunatazamana makoti.

"Girisi, koti lako," nikasema.

"Hili ni la kaka yangu. Nimeazima."

"Bama?"

"Hili lina medali."

"Toa medali!"

"Medali imeshonewa. Wewe ndiye uliyeshona. Na wewe je, Upande? Fundi wa makoti hakosi koti."

"Mimi hili ndilo sampuli yangu," nikasema. "Wateja wataangalia nini?"

Sote tukageukia kabuti la Munyao. Lilikuwa zito, nene, lingeziba hata pua ya treni. Munyao akalikumbatia.

"Mali ya serikali," akasema.

"Afande, ni dakika moja tu!"

"Gavana akilila nitaandika nini kwenye ripoti? Gavana amekula kabuti?"

"Mutindi, leta gunia!"

"Gunia langu lina makaa! Mkilimwaga mtanikalia mahali pa moto nyinyi?"

Tulikuwa bado tunaulizana hivyo, kila mmoja akisifu uzuri wa koti la mwenzake, ndipo Kesho alipotupita. Alikuwa amelivua tayari. Hakulikunja kwa haraka. Alilikunja vizuri, mara mbili, kama ninavyowafundisha wateja. Nikamwona anaingia kwenye moshi na shati lake jeupe.

"Silvanus!" nikamwita kwa jina lake la kanisani. "Hilo hapana! Silvanus, nimelitia bitana!"

Akaliweka juu ya pua ya injini akalikandamiza kwa viganja vyote viwili. Injini ikalivuta. Tuliona koti likizama katikati, mfuko mmoja ukaingia, kola ikaingia. Mlio ukapanda mara ya mwisho, ukakatika, lori likajitikisa kama mbwa anayetoka majini, likanyamaza.

Hata mahamri kwenye karai yalisikika.

Kesho akatoka kwenye moshi. Uso wake ulikuwa mweusi, na mashati ya aina mbili yalikuwa mwilini mwake: jeupe mgongoni, jeusi kifuani. "Imezimika?" akauliza.

"Imezimika," akasema Thadeus, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akashindwa kuuachia.

Baada ya hapo, kama kawaida yetu, tulianza kueleza kilichotokea.

"Kama nilivyosema, ni gavana," akasema Girisi.

"Nozeli," akasema Bama.

"Koti," nikasema mimi. "Koti imara. Mngetumia la fundi mwingine lingepasuka."

Thadeus alikwenda akalivuta koti kutoka kwenye pua ya injini. Likatoka linadondosha oili, si kidogo, linadondosha kama samaki anayetolewa kwenye mchuzi. Akalitazama. Akafungua kifuniko cha lile bakuli la hewa. Oili ikamwagika juu ya viatu vyake vya harusi.

"Nani," akauliza polepole, "alijaza hii?"

Ndege wakalia. Treni ikapiga honi mbali huko upande wa Maungu. Munyao akatoa kalamu.

"Mimi naweka mpaka mstarini," Thadeus akaendelea. "Kidogo tu, ya kunasa vumbi. Mtu amejaza mpaka juu. Injini ikivuta hewa inavuta oili. Inaichoma kama dizeli. Ndiyo maana hata ukifunga tangi inakwenda tu. Ilikuwa inakunywa hii, na inakimbia mpaka iishe au ipasuke. Nani alijaza?"

"Thadeus, ndugu yangu," akasema Girisi, "tulitaka kutoa zawadi."

"Tulitaka? Wangapi?"

"Mimi nilisema ongeza mara moja tu," akasema Bama.

"Mimi nilidhani bakuli ni la chakula," nikasema.

Mutindi akaacha mwiko. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda, na kibanda kikatetemeka kuliko kilivyotetemeka kwa injini. "Mmekaa kwa hiyo benchi miaka yote hiyo mnatengeneza gari ya kila mtu kwa mdomo," akasema akijipangusa macho. "Siku moja tu mmetumia mikono!"

Thadeus angetupiga, na angekuwa na haki. Kilichotuokoa ni sauti ya Kesho.

"Itawaka tena?"

"Nikimwaga oili na kupangusa, itawaka."

"Basi tupanguse," akasema Kesho. "Jua linapanda."

Tulipangusa. Sitaki kusema tulipangusa kwa kitu gani, lakini ndiyo, sasa makoti tuliyavua, tukayaweka mbali, tukatumia kanga kuukuu ya Mutindi. Thadeus alituruhusu kugusa nje tu. Ndani aligusa mwenyewe, na kila Girisi aliposogeza shingo, alimwambia, "Danson, rudi." Alirudisha oili mpaka mstarini, akafunga waya wa kishikio, akaliwasha. Lori likatoa moshi wa kumalizia, likatulia, likaguruma kama paka aliyeshiba. Mutindi akafunga kibanda akaja nasi, alisema hawezi kukosa sura ya Mzee Donald. Munyao naye akapanda. Alisema anamfuata Gavana.

Njiani, toka Mwatate tunaanza kupanda kona za mlima, tulijaribu kumsaidia Kesho kwa kitu tunachokiweza, yaani maneno.

"Sema ni simba," akasema Bama. "Simba wa Voi kila mtu anawajua. Simba alikurukia, ukamwachia koti."

"Simba gani anayetia mtu oili?" nikauliza.

"Basi sema ulivua koti ukampa maskini. Mzee wa kanisa atapenda."

"Akiuliza maskini yuko wapi?"

"Tutamwonyesha Upande."

Koti la Kesho lilikuwa kwenye magoti yake, limefungwa kwenye lile gazeti la samaki. Tulipofika juu, ukungu ukatufunika na baridi ya Werugha ikaingia. Alikuwa na shati tu, na meno yalikuwa yanagongana. Sisi tulikuwa tumevaa makoti yetu tena. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kengele ya saa sita ililia tukiwa kwenye kona ya mwisho. Lori liliingia uwanjani na kengele bado inavuma. Watu walikuwa wamejaa nje ya kanisa, na mlangoni, peke yake, amesimama Mzee Donald katika koti lake la sufu nyeusi.

Kesho akaruka chini. Akaenda mpaka mbele yake, shati rangi mbili, uso umepakwa moshi, akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee akamtazama kuanzia viatu. "Umefika. Lakini sijui ni nani aliyefika. Koti liko wapi?"

Bama akapanua mdomo. Mutindi akamkanyaga.

"Nimeziba nalo injini, baba," akasema Kesho. "Gari ya Thadeus ilikuwa inajipiga resi, haizimiki. Ingepasuka. Ilihitaji nguo nzito."

"Ukatumia koti la harusi?"

"Ndilo nililokuwa nalo."

Mzee Donald akainua macho polepole, akatuangalia sisi juu ya lori. Mimi, Girisi, Bama. Munyao na kabuti lake. Tumejipanga kama duka la Mhindi. Aliangalia koti moja baada ya jingine, mpaka nikajikuta ninafungua kifungo cha langu. Kilikuwa kifungo kigumu. Nilikishona mwenyewe.

Pembeni ya mlango akatokea Wakio, na gauni lake jeupe, amechoka kujificha. Alimtazama mchumba wake, akaweka mkono mdomoni, na tukajua anacheka, si analia. Kisha akatutazama sisi katika ule ukungu.

"Mashemeji," akasema, "hamsikii joto?"

Makoti manne yakavuliwa kwa pamoja. Nadhani hata kwenye gwaride la Bama hayakuwahi kuvuliwa hivyo. Lakini Mzee Donald alikuwa ameshavua lake. Alimvalisha Kesho kwa mikono yake, akamfunga vifungo kama mtu anayemvalisha mwanawe wa kwenda shule, akampangusa moshi usoni kwa leso. Koti lilikuwa refu kidogo mikononi. Mabega yake yalikaa sawa kabisa, pande zote mbili, jambo lililoniuma.

"Ingia," akasema mzee. "Kasisi ana njaa."

Wakaoana. Tulikula kabeji, wali na mbuzi, na wazee wa Werugha walimwomba Kesho asimulie mara nyingi, na kila aliposimulia hakututaja kwa majina, jambo ambalo ni la kiungwana kuliko sisi.

Alasiri, wakati wa kushuka, Thadeus aliwasha lori. Liliwaka mara moja, bila moshi. Tukasimama tunalisikiliza.

"Limetulia mno," akasema Girisi. "Sipendi."

"Kushuka ni hatari kuliko kupanda," akasema Bama. "Injini inasukumwa na mlima. Gavana akilegea hapo kwenye kona..."

"Tutembee mpaka Wundanyi," nikasema. "Tutapata gari jingine."

"Mimi niko na nyinyi," akasema Munyao, ambaye kwa saa chache alikuwa amejifunza udhaifu wetu wote.

Wakio alipandishwa mbele katikati ya mumewe na Thadeus. Mutindi alipanda nyuma, akakaa juu ya masanduku ya bibi harusi na nyama mkononi. Wao hawakuuliza chochote kuhusu nozeli. Sisi tukavua viatu tusivichakaze, tukateremka kwa miguu kwenye matope ya Werugha, viatu mkononi na makoti begani, huku Girisi anatueleza kilichokuwa kibaya katika treni za Uganda.

Hatukufika mbali, tukasikia lori nyuma. Lilikuwa linateremka kwa upole, linanguruma vizuri, halina hata uzi wa moshi. Jua lilikuwa linaelekea magharibi na miguu ilikuwa imeanza kuuma. Tukabadili mawazo kwa pamoja. Tukasimama katikati ya njia tukapunga mikono.

Lori likapiga honi, likapinda kando, likatupita. Kesho alitoa mkono dirishani akatupungia. Mutindi alitupungia kwa mfupa.

Jumatatu nilimuuliza Thadeus kwa nini hakusimama.

"Ningesimama," akasema, "mngefungua boneti."